Nani Analipia Kiti Kitupu?

Kila picha ya abiria waliosongamana Kimara au Kivukoni, kwenye vituo vya mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam, inaposambaa kwenye simu zetu, haupiti muda mtu anakuja na jawabu lile lile: tuachane na mabasi makubwa, tuweke vigari vya kuitwa kwa simu. Unasema ulipo na unakokwenda, kompyuta inakukusanya na wenzako wanne au watano mnaoelekea upande mmoja, gari linawapitia. Hakuna ruti, hakuna kituo, hakuna kusimama juani. Wanaolisema hili wana nia njema, na hutaja miji ya Ulaya na Amerika Kaskazini kuwa ushahidi wa dunia inakoelekea. Nadhani ushahidi huo wameusoma kinyume. Gari la kuitwa ni huduma nzuri na ina mahali pake, nitapataja. Lakini haipunguzi gharama ya kubeba watu wengi. Inachofanya ni kuihamisha gharama ya kiti kitupu kutoka kwa mtu mmoja na kumtwisha mwingine, na mjadala wetu ungenyooka kama tungeanza kwa kuuliza ni nani huyo anayetwishwa.

Tukubaliane kwanza kwamba usafiri unaomfuata abiria si mgeni kwetu. UDA, shirika la mabasi la Dar es Salaam, liliposhindwa kulimudu jiji lililokuwa likikua haraka, watu walipanda chai maharage, magari yaliyofungwa mabenchi ya kutazamana, huku sheria ikikataza. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, na nauli ya shilingi tano, ile sarafu iliyoitwa dala, ikayapa jina la daladala. Kenya walitangulia kwa miaka kumi: mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni zilizokuwa zikidaiwa kwa mabasi. Tangu hapo gari la abiria la mjini kwetu halina ratiba. Haliondoki kwa sababu saa imefika, linaondoka kwa sababu limejaa. Nyuma ya tabia hiyo kuna hesabu, yaani kile kiasi ambacho dereva na konda lazima wampelekee tajiri, yaani mwenye gari, kila jioni, siku iwe nzuri au mbaya. Mafuta ni juu yao, mpiga debe ni juu yao, kinachobaki ndiyo riziki. Mtu anayefanya kazi kwa mpango huo hawezi kuondoka na viti sita vitupu, na sisi tungekuwa mahali pake tungefanya kama yeye.

Maana yake ni kwamba kwenye daladala kiti kitupu kinalipiwa na abiria aliyekwisha kukaa. Analipa kwa muda wake. Hivi karibuni nilikaa ndani ya Coaster Mbezi kwa dakika 40, konda akirudia "bado wawili, tunaondoka", na mbele yangu alikuwa dada mmoja mwenye sare ya duka aliyekuwa akitazama saa kila baada ya muda mfupi. Nauli yake ilikuwa ile iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa ardhini. Safari yake, hata hivyo, iligharimu nauli hiyo pamoja na dakika 40 na chochote alichokwenda kuambiwa na msimamizi wake. Gharama hiyo haiandikwi kwenye daftari lolote la serikali, na ndiyo sababu tunadhani daladala ni nafuu kuliko ilivyo kweli.

Nauli ikifungwa, kitu kingine hulegea. Desemba 2023 LATRA ilipandisha nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600, na konda hana ruhusa ya kuzidisha hapo hata mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni. Kinacholegea ni ruti. Gari lililoandikwa Gongo la Mboto linageuzia Banana, kwa sababu kipande cha mwisho kina abiria wachache na huko mjini vituo vimefurika. Wewe uliyebaki unatafuta gari jingine na kulipa tena. Nairobi wao nauli ndiyo hulegea: mvua ikianza, makanga, yaani konda wao, anatangaza bei mpya, na ama unapanda ama unabaki. Miji yote miwili ilikuwa na usafiri unaobadilika kufuata mahitaji miongo mingi kabla ya simu ya kupangusa. Kinachobishaniwa leo ni nani abebe mzigo wa kubadilika huko.

Gari la kuitwa linaahidi kuuondoa mzigo huo kwa abiria. Hutasubiri lijae. Sawa, lakini gari lisilosubiri kujaa litaondoka na viti vitupu, na wa kuvilipia lazima apatikane. Abiria mwenyewe akikubali kuvilipia kwa nauli kubwa, hiyo ni teksi, na teksi tunazo. Wasipokuwa abiria, wamebaki wawili: mwekezaji na mlipakodi. Mifano ya karibu miaka kumi na tano iliyopita inatuonyesha wote wawili wakijaribu, na inatuonyesha wanakofikia.

Mwekezaji tumemwona Nairobi. Swvl, kampuni iliyoanzishwa Cairo mwaka 2017, iliingia Kenya mwaka 2019 ikiuza kitu ambacho abiria wa matatu alikuwa hajawahi kukipata: kiti cha uhakika na nauli unayoijua kabla hujatoka nyumbani. Watu waliipenda, hasa wanaofanya kazi maofisini. Oktoba mwaka huo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, ikaiamuru isimame, pamoja na huduma kama hiyo ya kampuni ya Little, kwa hoja kwamba magari yao yalikuwa na leseni za utalii na si za kubeba abiria wa kila siku. Wengi wamebaki wakiamini kwamba urasimu ndio uliomaliza habari ile. Sivyo. Swvl iliendelea kuwapo hadi mwaka 2022. Machi mwaka huo iliingia kwenye soko la hisa la Nasdaq, baada ya makubaliano yaliyoithaminisha kwa dola bilioni 1.5. Mei ikatangaza kupunguza asilimia 32 ya wafanyakazi wake, na katikati ya mwaka ikasimamisha safari zake za ndani ya mji nchini Kenya. Riba zilikuwa zimepanda duniani, na fedha za wawekezaji waliokuwa tayari kuvumilia hasara zikakauka. Ford nayo iliinunua Chariot, huduma ya mabasi madogo ya San Francisco, mwaka 2016, ikaifunga mwanzoni mwa 2019. Kampuni yenye viwanda vyake na karne moja ya kutengeneza magari haikuona faida ndani yake.

Mlipakodi tumwone Innisfil, mji uliokuwa na watu wapatao 37,000 wakati huo katika jimbo la Ontario, Kanada. Ni mfano ninaourudia mara nyingi kwa sababu unafundisha kuliko yote. Nyumba zimetawanyika, na halmashauri ilikadiria kwamba basi moja la ruti lingegharimu takribani dola za Kanada 270,000 kwa mwaka, mawili 610,000, na bado yangewafikia wakazi wachache. Mei 2017 ikaamua badala yake kuwalipia wakazi sehemu ya nauli ya Uber. Watu wakaipokea kwa mikono miwili. Mwaka wa kwanza ruzuku ilikuwa kama dola 150,000, na mwaka 2018 ikafika karibu 640,000, zaidi ya yale mabasi mawili yaliyoonekana ghali. Ndipo halmashauri ikaongeza dola moja kwenye nauli na kuweka kikomo cha safari 30 kwa mwezi kwa kila mkazi. Huduma ya usafiri wa umma ilibidi iwazuie watu wasiitumie sana, kwa kuwa kila abiria aliyeongezeka aliongeza ruzuku. Basi la ruti haliko hivyo. Likiwa na nafasi, abiria anayepanda haongezi gharama yoyote ya maana. Wakizidi, unaongeza basi, na mchumi wa Marekani Herbert Mohring alieleza mwaka 1972 kinachofuata: mabasi yakiongezeka kwenye ruti, muda wa kusubiri hupungua kwa kila mtu, hata kwa yule aliyekuwa akipanda tangu zamani. Kwenye ruti, abiria mpya anamsaidia abiria wa zamani. Kwenye gari la kuitwa, anagombea naye gari lile lile.

Wapo watakaosema hilo ni suala la teknolojia, kwamba kompyuta bora itawapanga abiria vizuri zaidi. Tufanye hesabu ya kubuni, kila mtu aweke tarakimu zake. Tuseme gari dogo la kuitwa linagharimu shilingi 15,000 kwa saa ukijumlisha mafuta, dereva, matengenezo na marejesho ya mkopo, na linabeba abiria watano kwa saa. Kila abiria ni shilingi 3,000. Coaster ya ruti inagharimu shilingi 25,000 kwa saa, lakini inabeba 45, kwa sababu mmoja anashuka Mwenge na mwingine anakalia kiti chake. Kila abiria ni kama shilingi 560. Unaweza kubishana na 15,000 yangu, lakini hutaifuta tofauti hiyo bila kuigusa ile namba tano, na namba tano haitokani na udhaifu wa kompyuta. Inatokana na ramani. Gari likitoka Barabara ya Bagamoyo kuingia Salasala kumchukua mtu mmoja na kurudi, dakika kumi zimekwenda, na waliomo ndani wote wamezitoa. Fanya hivyo mara tatu, nusu saa imeisha na una watu watatu. Jarrett Walker, mtaalamu wa kupanga usafiri wa umma, amelisisitiza hili kwa miaka mingi: huduma inayozunguka kumfuata kila abiria hubeba watu wachache mno kwa saa, popote inapojaribiwa. Basi la ruti linashinda kwa kuwa abiria ndio wanaotembea kulifuata barabarani. Zile dakika tano za kutembea kwa miguu ndizo zinazolifanya kuwa nafuu.

Hoja za upande wa pili si za kubezwa zote. Iliyo na nguvu kuliko nyingine ni ya maeneo yenye watu wachache na saa zenye watu wachache. Wilson, mji mdogo wa North Carolina, uliondoa mabasi yake ya ruti Septemba 2020 na kuweka magari ya kuitwa yanayoendeshwa na kampuni ya Via, na abiria wakaongezeka. Ni kweli, na sina sababu ya kuupuuza mfano huo. Lakini tazama ni mji wa namna gani: wakazi wasiofika 50,000, na mabasi yaliyoondolewa yalikuwa yakipita mara moja kwa saa. Ukilinganisha na basi la kila saa, karibu kila kitu kitashinda. Hoja nyingine yenye uzito ni ya usalama, na wanawake waliowahi kusimama peke yao kituoni saa nne usiku hawahitaji mwanamume kama mimi kuwaeleza. Na ipo ya watu wenye ulemavu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inazilazimisha mamlaka zenye mabasi ya ruti kuwa na magari ya kuitwa kwa wale wasioweza kuyapanda. Safari moja ya gari hilo hugharimu mara nyingi zaidi ya safari ya basi, na hakuna anayedai inaleta faida. Wameamua ni haki, wakaiwekea bajeti.

Hoja dhaifu ni ile ya ukubwa, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi. Inasema huduma hizi zilikufa kwa sababu zilikuwa ndogo, na zingekuwa kubwa zingejilipa. Mfano unaotajwa ni Kutsuplus ya Helsinki: ilianza majaribio mwaka 2012, ikawa na magari 15 tu katika eneo lote la jiji, ikafungwa mwisho wa 2015 baada ya mamlaka kukosa fedha za kuipanua. Watetezi wake husema magari 15 hayatoshi kompyuta kuunganisha safari za watu, na hapo wana haki. Abiria wakiwa wengi, ni rahisi kumpata mwenzako wa njia moja. Kansas City ilijaribu kwa kampuni ya Bridj mwaka 2016, mradi wa zaidi ya dola milioni moja, ikapata safari 1,480 katika mwaka mzima. Hapo hakukuwa na mtu wa kuunganishwa naye. Lakini hoja hiyo ifuate hadi mwisho wake. Ili vigari viungane vizuri unahitaji watu wengi wanaotoka sehemu moja kwenda sehemu moja kwa wakati mmoja. Ukishawapata watu hao, una ruti. Watu wanaotoka Mbagala kwenda Kariakoo asubuhi hawahitaji kompyuta ya kugundua kwamba wanaelekea upande mmoja. Basi moja la mwendokasi la mita 18 linabeba watu wapatao 150. Wapakie watano watano na utahitaji vigari 30 kwenye barabara ile ile ambayo leo haipitiki. Kabla ya kufikia ukubwa ambapo gari la kuitwa lingeanza kujilipa, basi la kawaida linakuwa limeshalipita kwa mbali.

Kimbilio la mwisho ni gari lisilo na dereva. Hamburg, ambako MOIA, kampuni ya Volkswagen, imekuwa ikiendesha magari ya kuitwa tangu 2019, sasa inajaribu magari yanayojiendesha, na matumaini ni kwamba dereva akiondoka hasara itaondoka naye. Kwa Ujerumani hesabu hiyo ina mantiki, kwa kuwa mshahara wa dereva ni sehemu kubwa sana ya gharama ya basi. Kwetu siyo. Gari tunaliagiza, mafuta tunayaagiza, matairi na vipuri tunaviagiza. Kazi ya binadamu ndiyo iliyo rahisi kupita vyote, tena rahisi kuliko inavyostahili. Kumwondoa dereva wa Temeke kwa mashine ya bei ya Ulaya ni kuongeza gharama na kuongeza kijana asiye na kazi.

Kuna gharama nyingine ambayo wapenzi wa programu hizi hawaitaji. Mwenye programu naye anakula. Mwaka 2022 LATRA ilipotaka kampuni za teksi mtandao zichukue kamisheni isiyozidi asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma zake Tanzania mwezi Aprili, ikarudi mwanzoni mwa 2023 kikomo kilipopandishwa hadi asilimia 25. Kwa teksi ya shilingi 8,000, robo inaweza kuvumilika. Kwenye nauli ya shilingi 600, robo ni shilingi 150 kwa kila abiria, na hizo mara nyingi ndizo zinazoamua kama dereva atafikisha hesabu au atadaiwa.

Nini kifanyike, basi? Simu itumike kwa kazi inayoiweza. Iniambie basi liko wapi na litafika lini, ichukue nauli, iwaonyeshe wapangaji wa mji watu wanatoka wapi na kwenda wapi saa ngapi. Kipande cha kutoka barabara kuu hadi mlangoni tayari kina gari lake la kuitwa. Ni bodaboda na bajaji, kila abiria anajilipia, na serikali ingesaidia zaidi kwa kuwajengea maegesho salama kwenye vituo kuliko kuwafukuza. Lakini ugonjwa wenyewe ni hesabu. Tajiri wa daladala alipwe kwa kilomita gari lake lilizokwenda kwa ratiba, nauli zikusanywe na chombo kingine, kama London inavyofanya na kampuni zake za mabasi. Dereva anayelipwa mshahara kwa kuondoka saa moja na robo ataondoka saa moja na robo, akiwa na abiria kumi au thelathini. Kiti kitupu kitabaki kuwapo. Kitalipiwa na umma, kwa fedha zilizoandikwa kwenye bajeti, badala ya kulipiwa gizani na yule dada wa Mbezi. Itagharimu, na watakaosema serikali haina fedha waanze kwa kujumlisha dakika 40 hizo kwa kila abiria, kila asubuhi, katika jiji la mamilioni ya watu.

Na gari la kuitwa lipewe kazi ambayo ruti haiwezi. Ningeanza na wanaotumia viti vya magurudumu, ambao leo daladala haiwasimamii kabisa, na wafanyakazi wa hospitali wanaotoka zamu usiku. Chukueni Muhimbili peke yake: magari machache, saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, muuguzi anaandikisha safari yake kabla zamu haijaisha, anashushwa mlangoni Tabata au Kigogo kwa nauli ya daladala. Tofauti yote ilipwe na halmashauri. Itakuwa safari ghali kuliko zote jijini, na bajeti iseme hivyo wazi, kwa shilingi, mbele ya madiwani, ili mwaka wa pili mtu asije akaifunga kwa kisingizio kwamba haikuleta faida.